Mistari Niliyoipulizia Dawa

Igamba, Mbozi
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Mama naye shikamoo, hapo jikoni alipo akijifanya hasikilizi. Halima mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole. Usiruke maneno kama kawaida yako ukiwa na haraka ya kwenda kisimani, na ukifika mahali panaponiaibisha usipunguze.

Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho mliniandikia kwamba unalisugua mafuta ya nyonyo na umekataa kata kata kwenda zahanati kwa kuwa yule mganga ni kijana mno. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona sina haki ya kucheka, maana nami nimeurithi ugonjwa huohuo wa kutomwamini mtu. Mimi afya ninayo. Baridi ya hapa haipishani sana na ya kwetu Lushoto, koti ulilonipa bado linafanya kazi, na watu wameshazoea kumwona mwanamke juu ya baiskeli ya serikali. Wakizungumza Kinyiha mbele yangu nashika maneno machache, ila jina langu nikilisikia katikati huwa nasimama niendelee kusikiliza.

Barua hii sikuitia posta, kwa sababu yaliyomo sitaki yapite mikono mingi. Anakuletea Mzee Kassimu, dereva wa lori, mtu wa Korogwe anayekaa Tunduma na familia yake. Mpeni chai na mumlaze vizuri. Ninayokuandikia si mazuri, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Miezi tisa iliyopita tuliletewa mtaalamu wa wadudu wa kahawa. Si Mzungu wala si Mhindi wa dukani, ingawa kijijini walimwita Mhindi mpaka akachoka kuwasahihisha. Ametoka Sri Lanka, kile kisiwa cha chai kilichokuwa kikiitwa Seiloni, na jina lake ni Piyadasa. Watu walilikata wakabakiza Bwana Piya. Ni mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, suruali yake ina pasi hata kwenye tope. Upole huo ndio ulionitia wasiwasi kwanza. Wale wataalamu waliowalazimisha kuchimba matuta kule kwetu nao walikuja wakitabasamu, mwisho udongo mzuri ukafukiwa chini, mwekundu ukaja juu, mahindi yakatoka ya njano, na wewe uliyekataa ukalala ndani siku tatu. Habari hiyo nimeisikia kila msimu wa kulima tangu nikiwa mtoto. Kwamba baadaye mimi mwenyewe nikawa bibi shamba ni jambo ambalo hujaacha kunicheka nalo, na haki unayo.

Nilipangiwa kumsaidia, na nyumba yake ilipakana na yangu. Wiki ya kwanza tu nikaona kupitia dirishani mwake (sikuchungulia, Mama, dirisha lilikuwa wazi) sanamu ndogo ya mtu aliyekaa amekunja miguu, na mbele yake kikombe chenye ua. Nikajisemea, haya, tumeletewa mwabudu sanamu. Kesho yake nikamuuliza waziwazi. Hakukasirika. Alinieleza kwamba yeye ni Mbudha, kwamba hiyo ni sanamu ya mwalimu wao, haiombwi mvua wala watoto, na kwamba ua analiweka ili alione likinyauka na akumbuke kuwa kila kitu hupita. Nikamuuliza kama mwalimu huyo ndiye aliyeumba mbingu na ardhi. Akasema hapana, na kwamba wao swali hilo hawalishughulikii sana, wanashughulika zaidi na kwa nini mtu anateseka na ataachaje kuteseka. Nilirudi nyumbani nikatawadha upya. Mtu asiyejali dunia iliumbwa na nani, mimi nimwamini na kahawa za watu?

Kazi yake ilikuwa hivi. Alitandaza shuka jeupe chini ya mbuni, akatikisa matawi, kunguni wakaanguka, akawahesabu na kuandika daftarini. Hawa si kunguni wa kitandani. Ni wadudu wenye madoa wanaofyonza buni changa mpaka zinaharibika ndani, na mtu yeyote wa hapa akimwona mmoja anamponda kwa gumba papo hapo. Bwana Piya alipomaliza kuandika alilibeba shuka lake polepole akawakung'utia wote kwenye mbuni uleule. Alisema lazima warudi, la sivyo hesabu ya wiki ijayo itadanganya. Maelezo mazuri. Lakini siku nyingine nilimkuta ofisini akimtoa mende nje kwa kipande cha karatasi, na mende yule hakuwa kwenye hesabu ya wiki yoyote.

Ukafanyika mkutano wa kijiji. Mzee Nzunda, ambaye mibuni yake ilibaki kule kilimani alipohamishiwa kijiji cha barabarani, alikuwa amekubali shamba lake lijaribiwe. Wengi walitaka kujua watapata faida gani na ni dawa gani hiyo. Bwana Piya akasimama, akasema kwa Kiswahili chake cha kupangapanga:

"Msiniamini kwa sababu nimetoka mbali, wala kwa sababu nina cheti. Tupime pamoja, mwone wenyewe."

Katekista akamuuliza dini yake inasemaje juu ya elimu hii ya sayansi. Akajibu kwamba kwao mwanafunzi anatakiwa alipime hata neno la mwalimu wake. Kipimo kikionyesha kwamba alichofundishwa si kweli, atakiacha alichofundishwa. Akaongeza kwamba kipimo bado hakijamfundisha kuacha hasira, hiyo anajifunza kwa njia nyingine, na bado hajafaulu. Watu wakacheka, wakampenda. Mimi sikucheka. Wale wa matuta walitaka tuwaamini, huyu anatukataza tusimwamini, nikajiuliza mtu wa namna hii anataka nini hasa. Dini isiyoogopa kukosolewa sikuwahi kuisikia, na kitu ambacho sikuwahi kukisikia huwa nakihesabu kuwa ni mtego mpaka nionyeshwe vinginevyo.

Shambani alifunga kamba nyeupe. Mistari sita ya mibuni ingepuliziwa dawa, na sita isingeguswa kabisa, ili mwishoni tulinganishe. Chuoni kwetu tulifundishwa shamba la mfano, yaani shamba ambalo kila kitu chake ni kizuri ili mkulima aige. Hakuna aliyetufundisha kuacha mistari iumwe makusudi. Alinieleza mara mbili, nikaitikia mara mbili, moyoni sikukubali hata mara moja. Na bomba la kupulizia hakumwachia mtu. Alilibeba mgongoni mwenyewe, na lile bomba likijaa ni zito, anarudi mabega yamechubuka. Nilipomuuliza kwa nini hatumii vibarua, alisema kama katika kuua huku mna dhambi, afadhali iwe yake kuliko kuituma mikono ya mwingine. Mzee Nzunda alidhani anaficha namna ya kuchanganya dawa. Mimi nilidhani anapulizia maji matupu.

Halafu kulikuwa na habari ya mwezi. Kila siku ya mwezi mpevu alivaa nguo nyeupe, akakaa chumbani mlango umefungwa, na baada ya adhuhuri hali kitu. Hapo nikaona nimempata. Nikamuuliza kama mwezi nao ni sayansi. Akacheka, akasema hapana, hiyo ni nidhamu yake tu, haina uhusiano wowote na kahawa, na nisije nikamwandikia kwenye ripoti. Jibu hilo nalo sikulipenda. Nilitaka ajitetee.

Siku mojawapo ya hizo, wakati buni zikiwa bado changa, Mzee Nzunda alinijia ofisini na konzi ya buni zilizoharibika. Zilitoka kwenye mistari isiyoguswa. Akazimwaga mezani kwangu.

"Bibi Shamba, huyu anawaonea huruma wadudu," alisema. "Sisi nani atatuonea?"

Ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Saa nne asubuhi, jua limewaka, yeye akiwa chumbani na saumu yake, nilichanganya dawa, nikabeba bomba, nikapulizia mistari yote sita. Mzee Nzunda alinichotea maji. Nilipotoka pale nilijisikia vizuri sana, Baba. Nilikukumbuka wewe, nikasema leo na mimi nimekataa matuta. Kesho yake nikaiandikia ofisi ya wilaya barua, kwa mwandiko wangu mzuri unaousifia, kwamba mtaalamu huyu kwa sababu ya dini yake ya sanamu anakataa kuua wadudu na anaacha kahawa za wananchi ziliwe makusudi. Wakati naiandika niliamini kila neno. Lakini la dawa niliyoipulizia sikulitia humo, sasa sijui kama nilisahau au nilijua.

Ilipofika karibu na wakati wa kuchuma, tukaenda kuhesabu. Tulitikisa, tukakata buni, tukaangalia ndani. Mistari yote kumi na miwili ikawa sawasawa. Niliona aibu inanipanda miguuni, nikasubiri aniulize. Hakuniuliza. Alikaa chini baina ya mibuni na daftari lake magotini, akaniambia kitu ambacho tangu siku ile hakijanitoka.

"Hivi ndivyo nilivyotaka, Bibi Zaina. Nilitaka wadudu waishi na kahawa izae. Nilitaka sana. Ndiyo maana siamini."

Akarudia kuhesabu tangu mwanzo, peke yake, siku tatu mfululizo. Akafungua tena madaftari ya nyuma kutafuta alipokosea. Alinihoji juu ya mvua, juu ya upepo, kama dawa ingeweza kupeperuka kutoka mstari hadi mstari. Kila kitu alikishuku isipokuwa mimi. Maisha yangu yote nimewashuku watu, Baba, na nilidhani hiyo ni akili. Sikuwahi kukutana na mtu anayelishuku jambo kwa sababu tu linamfurahisha. Nilimwonea hasira. Nilimwona ananizidi kwenye kazi niliyodhani ni yangu.

Wiki mbili zilizopita wakubwa wa wilaya wakaja na barua yangu mkononi. Walisimama palepale shambani, Mzee Nzunda akiwepo, mimi nikiwepo. Wakamuuliza kama ni kweli dini yake haimruhusu kuua wadudu. Mtu mwingine angezungukazunguka. Yeye akasema ni kweli moyo wake hautaki, lakini mistari sita aliipulizia kwa mikono yake, na matokeo yanaonyesha dawa haikuleta tofauti, ila yeye matokeo hayo hayaamini na anaomba kurudia mwakani. Walichosikia ni kwamba moyo wake hautaki. Mzee Nzunda alinitazama, nami nikatazama kamba nyeupe. Nilikuwa na nafasi ya kusema, sikusema. Akaambiwa afungashe.

Na sikia jinsi mambo yanavyokwenda: mtu walimfukuza, hesabu zake wakazishika. Dawa ni adimu, inatoka nje, na kumbe hapa kuna karatasi inayosema haina faida. Siku chache baadaye tukaambiwa tujiandae kupita vijijini kuwatangazia wakulima kwamba msimu ujao hakuna haja ya kupulizia. Mimi ndiye niliyepangiwa kupita Igamba yote. Yaani ninyamaze, nipande baiskeli, niwaambie watu wasitie dawa kwa ushahidi ambao nimeuharibu mwenyewe. Hapo ndipo usingizi uliponipotea.

Jumanne nilipanda lori hadi Tunduma, kwa kuwa nilisikia anasubiri treni huko. Tunduma ni mahali ambapo mtu yeyote anauza kitu, na Wazambia wanakuita "mayo", yaani mama, kabla hawajakuonyesha sabuni waliyoificha kwenye khanga. Nilimkuta kituoni, kwenye benchi, suruali ina pasi, sanduku moja. Alisimama kunisalimia. Nikamwambia bila kukaa kwamba ile mistari sita niliipulizia mimi, na barua niliiandika mimi.

Mshipa wa shingo ulimsimama. Nikangoja anitukane, na kwa kweli ningependa anitukane.

"Nimekasirika sana," alisema. "Ngoja kidogo."

Akakaa, mikono magotini, anatazama sakafu, kama mtu anayesubiri chai ipoe. Mwanamke mmoja wa Zambia aliyekaa na magodoro yake aliniuliza kama huyu bwana anaumwa, nikasema hapana. Alipoinua uso, uso ulikuwa wa kawaida, ila umechoka. Akatoa daftari. Akaniuliza ilikuwa siku gani, nilichanganya dawa kiasi gani, niliipulizia mistari yote au mingine, majani yalilowa juu tu au na chini. Nilijibu kila swali naye akaandika kila jibu, kwa makini, kana kwamba namletea zawadi.

"Basi hatujui kitu," alisema alipomaliza. "Juzi nilianza kudhani najua. Leo hatujui. Afadhali hivi."

Nikamuuliza kama anataka niiombe ofisi imrudishe. Akasema habari zake nifanye nitakavyoona, lakini wakulima waambiwe kabla ya msimu, na mwakani tuache mistari tena. Kisha akasema nisiwe mimi peke yangu ninayehesabu. Neno hilo linanichoma mpaka leo, na ni haki yake. Treni ilipokuja sikumpungia mkono.

Nilipokuwa narudi kwenye lori nilikufikiria wewe. Siku ile shambani nilijiona ni wewe, Baba, na haikuwa hivyo. Wewe ulikataa mbele yao, mchana, wakakuona na wakakufunga. Mimi nilingoja mtu afunge mlango wake, halafu nikamsingizia kwa barua.

Nimeandika barua ya pili. Nimetaja siku, dawa, mistari sita, na kwamba barua ya kwanza ilikuwa ya kumsingizia mtu. Jina la Mzee Nzunda nimeliacha nje, ameniomba, na bomba lilikuwa mgongoni mwangu si mwake. Yeye ananishangaa. Kahawa imepona, mgeni ameondoka, anasema, sasa unamtafuta nani? Katibu kata naye amenishauri niichane. Sitaichana. Jumatatu asubuhi naipeleka mwenyewe mkononi, nitasimama mpaka waisome mbele yangu, na nitaomba tangazo lile lisitoke. Kuhusu dini ya Bwana Piya bado naishuku, na kumpenda sikuwahi kumpenda. Miezi tisa nimemtafutia uongo, nikaukuta mkononi mwangu mwenyewe.

Nisalimie Mama, mwambie sijakonda. Msalimie Shangazi aliyenifundisha kusuka ukili, na Mjomba mlinzi wa msikiti, aniombee dua. Kaka mkubwa asimuuze yule ndama kabla sijamwona. Jirani yetu mama mkunga mpe pole ya msiba, habari niliipata kwa kuchelewa. Halima, nakutumia sabuni mbili za Zambia, moja ni ya Mama, na najua umeshaziweka zote upande wako.

Huenda nikaja na mizigo yangu yote kabla ya mwezi kwisha. Nikifika, watu watakuuliza, na nakufahamu, utasema wakubwa wamemwonea binti yangu, wana wivu. Usiseme hivyo, Baba. Waambie alisema uongo, akaenda mwenyewe kuufuta.

Ni mimi mwanao,
Zaina